Nimesevu mapozi kibao ila mteja akifika kichwa kinakuwa cheupe

Swali limekuja hivi, nalifupisha kidogo: "Nimeanza kupiga picha za portreti kwa kulipwa. Kwenye simu nina mapozi zaidi ya mia nne niliyosevu Pinterest na Instagram, lakini mteja akisimama mbele yangu nasahau yote, naishia kusema simama hapo, tabasamu kidogo. Nikifungua simu mbele yake naona aibu, na nikimwonyesha picha anaiga afu haitoki kama ile. Nyie mnatoa wapi mapozi? Na kuiga pozi la mpiga picha mwingine si wizi?"

Mia nne! Haya ndugu yangu, tuanzie hapo hapo maana tatizo limo humo humo kwenye hiyo folda. Ulichosevu ni picha, na ndani ya picha yamekutana mambo mengi kwa mpigo, kuna mwanga, kuna lenzi, kuna nguo, kuna mwili wa yule modo, kuna mtu aliyekaa baadae akachagua fremu moja akazitupa zingine zote, na pozi ni kipande kimoja tu cha huo mchanganyiko. Sasa kichwa chako kimehifadhi "ile picha kali ya dada mwenye koti la njano", hakijahifadhi huyo dada alikuwa anaufanyia nini mwili wake, ndo maana ukimtafuta mbele ya mteja humpati.

Dawa yake ni kuifungua picha kabla hujaisevu. Mi najiuliza maswali manne tu: uzito wa mwili uko wapi, mikono inafanya nini, uso na macho vinaelekea wapi, na kamera iko urefu gani. Majibu nayaandika kwa maneno yangu chini ya picha, maneno ya kawaida kabisa, na picha ambayo siwezi kuiandikia mistari miwili mitatu siisevu hata iwe kali vipi.

Tufanye moja pamoja uone. Chukua lile pozi ambalo lazima unalo kwenye hiyo mia nne: mtu kakaa kwenye stuli, kainama mbele kidogo, kiwiko kimoja kiko juu ya goti, vidole viko jirani na taya, anatazama pembeni. Linaonekana rahisi eti? Uzito: angalia vizuri, hajakaa katikati ya stuli, kakaa ukingoni kabisa na mguu mmoja kauvuta nyuma, kwahiyo kiuno kimesogea mbele na mgongo umerefuka. Mteja wako ukimwambia tu "kaa" atakaa kama watu wanavyokaa, atajiachia katikati, mgongo utajikunja, tumbo litakuja mbele, na hapo ndo unapoanza kujiuliza mbona haitoki kama ile. Mkono: vidole vimegusa taya, havijabeba kichwa, maana kichwa kikilalia kiganja kweli kweli shavu linapanda juu na jicho la upande huo linafinyika. Uso: anatazama pembeni lakini ncha ya pua haijavuka mstari wa shavu la mbali, ikivuka kidogo tu inaonekana kama pua imeota kwenye shavu, hapo ama umrudishe ama umgeuze kabisa uso uonekane upande mmoja tu. Na kamera: iko usawa wa macho yake akiwa amekaa, yani mpiga picha naye alipiga goti au alikaa. Wewe ulikuwa umesimama. Ukipiga kutoka juu paji la uso linakua na miguu inafupika, pozi ni lile lile ila mtu ni mwingine.

Umeona picha moja imetoa nini? Ukizifungua ishirini hivi utajua zaidi ya mwenye elfu mbili, na utagundua jambo ambalo linafurahisha sana, kwamba mapozi ya msingi ni machache mno. Kusimama uzito mguu mmoja, kuegemea kitu kwa bega au mgongo, kukaa ukingoni, kukaa chini, kutembea au kugeuka. Karibu kila kitu unachokiona ukiskroli ni mojawapo ya hayo matano limebadilishwa mikono na macho. Piga hesabu: misingi mitano, kila mmoja mikono ya aina nne, kila mkono macho ya aina tatu (kamera, pembeni, chini), hayo ni mapozi 60, na bado hujabadilisha fremu kutoka mwili mzima kuja nusu mwili kuja uso. Kwahiyo mteja akiwa ameegemea ukuta na limetoka vizuri usikimbilie pozi jipya, mwache hapo hapo, badilisha mkono, piga, badilisha macho, piga, sogea karibu, piga, mwambie ashushe bega moja, piga tena. Wanaoanza wanakimbia sana, kila baada ya fremu mbili wanataka kitu kingine, mteja naye anachoka na hakuna pozi lililopata muda wa kulainika.

Hilo la uzito mguu mmoja lina umri mkubwa kuliko kamera kwa karne nyingi sana. Mchongaji wa Kigiriki Polykleitos alilitumia karne ya 5 KK kwenye sanamu lake la mbeba mkuki, na mantiki yake hadi leo ni ile ile: mguu mmoja ukibeba uzito nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande huo huo linashuka, mwili unapata mkunjo, na mtu anaonekana yuko hai hata kama hajatingishika. Akisimama uzito sawa miguu yote miwili anaonekana anasubiri picha ya pasipoti. Ndo maana kitu cha kwanza mi namwambia mteja hakihusu mikono wala uso, namwambia "hamishia uzito mguu wa nyuma", afu nasubiri, mara nyingi nusu ya pozi inajitengeneza yenyewe.

Sasa wapi pa kutoa. Pinterest sio mbaya, ila ina tabia moja, ukibonyeza picha tatu za aina moja inakuletea zingine mia za aina hiyo hiyo, unajikuta dunia nzima inashika kola ya koti na kutazama chini. Na wengi humo ni mamodo wa kazi, miili mirefu myembamba ambayo imeshazoea kamera, unakuja kulazimisha pozi hilo kwa mtu ambaye hajawahi kupigwa picha rasmi. Tumia kama mwanzo, usikae humo.

Mi sehemu ninayoipenda kupita zote ni michoro ya zamani ya rangi. Mwaka 2017 Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungua picha za kazi zake ambazo hakimiliki yake imeisha, unaziangalia na kuzishusha bure, na Rijksmuseum ya Amsterdam nao wana hazina kubwa mtandaoni. Sababu yangu ni mikono. Mchoraji alikuwa na mtu wake amekaa mbele yake masaa, mara nyingi siku na siku, kwahiyo mkono haukutokea kwa bahati, uliamuliwa wapi ukae na kidole kipi kijikunje. Mona Lisa kila mtu anazungumzia tabasamu, we tazama mikono: wa kulia umelala juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, umelegea, haujashika kitu kwa nguvu, na mwili umegeuka robo tatu wakati uso unaturudia. Afu nenda kwa yule msichana wa hereni ya lulu wa mchoraji Vermeer, wa mwaka 1665 hivi, pale mwili unatazama upande mmoja na kichwa kimegeuka juu ya bega kuja kwetu, mdomo umeachama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina sekunde hiyo. Hilo pozi utalitumia maisha yako yote, na namna ya kumwelekeza mteja ni rahisi mno, mwambie akupe mgongo kidogo, aangalie kule, ukimwita ageuke. Piga pale pale anapogeuka, sio akishatulia.

Kwa wapiga picha wenyewe kamuangalie Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake 1948. Huyu alitatua tatizo lako kabla hujazaliwa: alibandika sampuli za picha zake ukutani, mteja akiingia anaangalia, ananyoosha kidole, nataka kama ile, afu Keïta anamrekebisha mpaka inamkaa yeye. Na mara nyingi alipiga fremu moja tu kwa mteja kwasababu filamu ilikuwa gharama, kwahiyo pozi lilitakiwa liwe limeiva kabla hajabonyeza. Pia alikuwa na vitu vya kushika, redio, saa, kalamu, pikipiki ya skuta, na hii ni akili kubwa kwasababu mtu mwenye kitu mkononi haulizi tena mikono niweke wapi.

Na wawili wengine wa kuiba fikra zao. Irving Penn mwaka 1948 aliunganisha kuta mbili za studio zikawa kona nyembamba, akawaweka watu mashuhuri humo ndani, na kila mmoja akajitafutia mwenyewe namna ya kukaa kwenye ule ufinyu, mmoja anasukuma ukuta, mwingine anajikunja. Philippe Halsman yeye aliwarusha watu juu, ndio, aliwaambia waruke, matajiri, wanasiasa, hadi Marilyn Monroe, akatoa kitabu kizima cha hizo picha 1959, na hoja yake ilikuwa mtu akiruka akili yote inaenda kwenye kuruka, ule uso wa kujitengeneza unadondoka. Sikuambii uwarushe wateja wako. Nakuambia angalia wote hawa watatu walichofanya: walimpa mtu kitu cha kushika, mahali pa kubanwa, au kazi ya kufanya, na pozi likaja lenyewe. Ukifungua picha kwenye simu jiulize basi na swali la tano, huyu mtu anafanya nini? Anasubiri, anamsikiliza mtu, anavaa saa, anajikinga jua, ametoka kucheka? Andika hicho kitenzi kwanza. Kitenzi utakikumbuka mbele ya mteja hata ukipaniki, pembe ya kiwiko hutaikumbuka.

Chanzo kingine ni cha bure na hakuna anayekitumia, watu. Angalia watu wanaosubiri foleni, wanaoongea na simu, waliokaa kwenye ngazi. Hakuna anayesimama kikakamavu, kila mtu kaegemea kitu, kakunja mguu mmoja, kashika kiwiko chake kwa mkono wa pili. Usiwapige picha, andika tu mstari mmoja kwenye simu. Filamu pia, isimamishe pale ambapo mtu anasikiliza mwenzie anaongea, hapo ndo waigizaji wanakaa vizuri zaidi. Na fremu zako mwenyewe ulizozitupa, hasa zile za katikati ya pozi moja na lingine mteja alipodhani hupigi, pitia zile kwa utulivu, humo kuna mapozi ya wateja wako halisi na miili yao halisi.

Na mteja naye ni chanzo. Kabla ya siku ya kazi mi namwomba anitumie picha zake mwenyewe tatu anazozipenda na moja anayoichukia, hata za selfi. Hiyo moja ya kuchukia inanifundisha kuliko zote, utasikia "hapo kidevu changu", "hapo mkono mnene", basi nishajua nini cha kukwepa bila kumuuliza maswali ya kumtia unyonge siku yenyewe. Zile tatu zinaonyesha upande wa uso anaoupenda, maana karibu kila mtu anao.

Kisha, na hili usiliruke, simama mbele ya kioo ulifanye pozi wewe mwenyewe. Kila moja. Utajua papo hapo lipi linaumiza kiuno, lipi linahitaji stuli ndefu, lipi haliwezekani kwa mtu aliyevaa sketi ya kubana. Pia utapata maneno ya kuelekeza, kwasababu umelisikia kwenye mwili wako. Mfano kidevu: picha nyingi za uso zinaharibika kwasababu mtu akiona kamera anarudisha kichwa nyuma, ngozi ya shingo inajikusanya. Ukimwambia "inua kidevu" utapata matundu ya pua. Mwambie asukume uso mbele kidogo kama kobe anayechungulia, afu ashushe kidevu kidogo sana. Yeye atajiona kituko, taya itatoka safi, mwonyeshe fremu moja kwenye skrini ya kamera atakuamini mpaka mwisho.

Kitu kinachowaangusha wengi wanaoiga kutoka simu ni umbali. Kilichopo karibu na kamera kinakua, ndo hivyo tu, kwahiyo lile pozi la magoti mbele lililopigwa kwa lenzi ndefu ya 85mm kutoka hatua kadhaa, wewe ukilipiga kwa simu au lenzi pana ya 24mm ukiwa umemsogelea, utapata magoti makubwa na kichwa kidogo. Pozi halina kosa. Rudi nyuma, vuta kwa lenzi ndefu, au mgeuze magoti yaende pembeni.

Siku ya kazi usiende na mia nne, nenda na sita hadi nane, umezipanga kwa mtiririko, za kusimama pamoja, za kuegemea zinafuata, za kukaa mwisho, ili usimkalishe na kumnyanyua kila dakika. Ziandike kwa vitenzi kwenye kikaratasi kidogo, au kama lazima iwe simu weka kama picha ya kioo cha simu, ile inayoonekana kabla hujaifungua, unaitupia jicho wakati unabadilisha lenzi. La kwanza liwe jepesi kupita yote, kuegemea ukuta na kuangalia nje, kwasababu zile dakika za mwanzo mtu bado kakakamaa na hutazitumia sana. Kuhusu ile aibu ya kufungua simu mbele yake, aibu yenyewe haina maana, Keïta alibandika ukutani kabisa, ila kuna sababu nyingine ya kutomwonyesha: ukimwonyesha modo, mteja anaanza kujilinganisha, anaangalia kiuno cha yule na chake, umempoteza. Mwonyeshe kabla, mkiwa mnapanga, tena kwa ajili ya hali ya picha, utulivu au furaha au ukali. Siku yenyewe fanya wewe pozi akuone, hata ukichekesha ni faida. Usiseme kulia na kushoto mtachanganyana, sema "bega la upande wa dirisha". Na usimshike kumrekebisha bila kumuuliza, hata kama ni ukosi tu wa shati.

Wapenzi na familia sitaingia sana, ni mada yake, ila kanuni ya kitenzi inafanya kazi zaidi huko: "mnong'oneze alichokula asubuhi" inaleta picha kuliko "mkumbatie".

La wizi sasa. Pozi lenyewe halina mwenyewe, na kuna kesi nzuri sana ya hili. Mwaka 1984 Jacobus Rentmeester alimpiga picha Michael Jordan kwa ajili ya jarida la Life, akamrusha hewani miguu imetanuka mkono umeinua mpira, mruko ambao mwenyewe aliuchukua kwenye dansi ya baleti, wachezaji wa kikapu hawaruki hivyo. Baadae Nike wakapiga picha yao wenyewe ya Jordan kwa pozi la kufanana, na kutoka hiyo ndo ikatoka ile nembo ya mtu anayeruka. Rentmeester akawashtaki, na mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2018 ikasema hapana, hawezi kumiliki pozi, anachomiliki ni namna alivyoipanga picha yake yote, na ile ya Nike ilitofautiana nayo mandhari na mpangilio. Upande wa pili yupo msanii Jeff Koons, aliyechukua picha ya wanandoa waliopakata watoto wa mbwa akaitengeneza sanamu karibu kila kitu kilivyo, na mwaka 1992 mahakama ikaona kaiba. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi, ila kwa kazi zako za kila siku mstari uko hapo: chukua mkono ule, chukua mgeuko ule, ila ukishaanza kutafuta na koti la njano lile lile na ukuta ule ule na mwanga kutoka upande ule ule, weka hiyo picha chini. Au kama ni mazoezi fanya kwa raha zako, ukiiposti mtaje mwenye picha ya kwanza.

Kuhusu hizo mia nne zako, usizifute zote. Kaa nazo jioni moja, kila ambayo hujui yule mtu anafanya nini ifute, zinazobaki ziandikie vitenzi.